Kloni: ndizi ya Yangambi ni ya nani?

Kloni ni kiumbe kinachotoka kwa kiumbe kimoja tu, bila baba na mama kuchanganya, na ADN yake inabaki ileile. Neno linaogopesha, lakini mukulima wa Isangi anafanya kloni kila musimu. Akitoa mutoto wa mugomba na kuupanda pembeni, ao akikata muti wa muhogo na kuuchomeka, ni mumea uleule unaoendelea.

Woga ulianza na Dolly, kondoo aliyezaliwa Scotland tarehe 5 Julai 1996. Kwa kumupata yeye peke yake, watafiti walijaribu na mayai 277. Kwa mutu, hesabu ya namna hiyo ni mimba zinazotoka na watoto wagonjwa. Nani atakubali? Ndiyo sababu UNESCO, mwaka wa 1997, ilitangaza kwamba kuzalisha mutu kwa kloni hakuruhusiwi. Tarehe 8 Machi 2005, Umoja wa Mataifa ulipiga kura ya kukataza: nchi 84 zilikubali, 34 zilikataa, 37 zilijizuia. Nyingi kati ya zile 34 hazikutaka mutu wa kloni. Zilitaka tu mulango ubaki wazi kwa utafiti wa dawa. Na kura yenyewe ni shauri, haifungi nchi yoyote. Kwetu, kipengele cha 16 cha Katiba kinasema mutu ni mutakatifu na Serikali inapaswa kumulinda.

Kwa mimea, jambo linatukuta nyumbani. Wabelgiji waliunda INEAC mwaka wa 1933, makao yake makubwa yakawa Yangambi. Leo ni INERA. Ndizi moja inabeba jina la hapo: Yangambi Km 5. Inavumilia ule ugonjwa wa madoa meusi unaokausha majani ya migomba. Leo inahifadhiwa ndani ya vichupa kule Leuven, Ubelgiji, pamoja na aina zingine za ndizi zaidi ya 1 500. Kichupa kimoja kinatosha kutoa maelfu ya migomba.

Mukataba wa FAO wa 2001 unataka watafiti wapate mimea ya chakula, ndizi ikiwemo, na faida igawanywe. Protokoli ya Nagoya ya 2010 inadai ruhusa ya nchi mbele ya kuchukua mumea. Kongo iko ndani ya yote mawili. Lakini Km 5 ilishasafiri zamani, na kwa kawaida mikataba hairudi nyuma.