Dawa ya shibe iliyoharibu mioyo

Vidonge vya kupunguza mwili vinatangazwa usiku na mchana kwenye simu zetu. Kabla hujanunua, ikumbuke Septemba 15, 1997, siku dawa za kupunguza mwili, fenfluramini na ndugu yake deksifenfluramini, zilipoondolewa sokoni Marekani.

Chimbuko la dawa hizo lilikuwa sayansi halali. Serotonini ilipatikana kwenye damu huko Cleveland mwaka 1948, na mwaka 1953 Betty Twarog na Irvine Page wakatangaza kuwa imo pia ubongoni. Baadaye ikajulikana kwamba ikiongezeka humo mtu hushiba mapema. Fenfluramini huzichochea seli za neva kuimwaga. Kwa mtu anayefakamia chakula mpaka tumbo likamuuma, kisha akajificha kwa aibu, hilo lilikuwa tumaini kubwa.

Mwaka 1995 ukazuka ugomvi. Shirika la dawa la Marekani, FDA, lilikuwa likiijadili deksifenfluramini. Wapinzani walionyesha kuwa wanyama wa maabara waliopewa dozi kubwa walibaki na serotonini pungufu ubongoni, tena dawa za jamii hiyo zilihusishwa na shinikizo la damu kwenye mapafu, ugonjwa unaoua. Upande wa Richard Wurtman, mtafiti wa MIT aliyeipigania dawa hiyo, ulijibu kuwa unene wenyewe unaua. Kamati ya washauri ilianza kwa kuikataa. Ilipokutana tena Novemba ikaipitisha kwa kura 6 dhidi ya 5. Kura moja tu! Aprili 1996 ikaruhusiwa, na mwaka huo Wamarekani waliandikiwa fenfluramini na fentermini, kidonge kingine cha kukata hamu ya kula, zaidi ya mara milioni 18.

Waliouona ukweli ni wahudumu wa moyo wa Fargo, North Dakota, na madaktari wa Kliniki ya Mayo wakiongozwa na Heidi Connolly. Ripoti yao ya Agosti 1997 inaeleza habari za wanawake 24 waliotumia mseto wa dawa hizo mbili kwa wastani wa mwaka mmoja, vali za mioyo yao zikawa zinavujisha damu. Watano walipasuliwa. Vali zao zilikuwa nene na nyeupe, sawasawa na za wagonjwa wenye uvimbe unaomwaga serotonini mwilini. Dalili hiyo madaktari waliijua miaka mingi kabla. Wenye dhamana hawakuitafuta.

Ufaransa, kampuni ya Servier iliendelea kuuza dawa ya ukoo huohuo, Mediator, hadi 2009, na ikatiwa hatiani mwaka 2021 baada ya Dkt. Irène Frachon wa Brest kuifichua. Losaserini, dawa nyingine ya kukata hamu ya kula, nayo iliruhusiwa Marekani mwaka 2012, ikaondolewa 2020 kwa hofu ya saratani.

Wanaokula kwa kufakamia bado tunawaita walafi, nao hukimbilia vidonge vya mitandaoni. Ni wagonjwa. Ikiwa wewe au ndugu yako ana tatizo hilo, nendeni hospitali, na kidonge chochote cha kukata hamu ya kula kisimezwe kabla daktari hajakikagua.