Wimbo Tuliowakatazia Vijana

Tuliwahi kukataza wimbo. Vijana wa kwaya ya usharika wetu hapa Mpanda walikuwa wametunga wimbo wa shukrani kwa ajili ya ibada ya mavuno, na mapigo yake yalifanana sana na yale yanayosikika kwenye spika za bodaboda pale stendi. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kwenye mazoezi akasema, "Hiyo ni ngoma ya baa." Tukakubaliana naye, tukawaambia vijana warudi kwenye kitabu cha nyimbo. Walirudi, lakini wawili hawakuonekana tena kwaya, na mmoja wao ndiye aliyekuwa ametunga maneno. Ndipo tulipoanza kujiuliza: nyimbo tulizowarudishia, zenyewe zilitoka wapi?

Jibu linaanzia mbali. Mwaka 1535 Martin Luther alichapisha wimbo wa Krismasi kwa ajili ya watoto, akauwekea tuni ya wimbo wa mafumbo ambao watu wa Ujerumani waliuimba katika michezo yao. Mwaka 1539 wimbo huo ulichapishwa tena ukiwa na tuni mpya, na hiyo ndiyo inayojulikana hadi leo. Luther hakuogopa kuazima kwa jirani, wala hakuona haya kubadilisha alichoazima.

Wamisionari walipofika katika nchi yetu walituletea tuni hizo za Ujerumani. Tunawashukuru. Lakini mahali pengi mwongofu aliambiwa aache ngoma yake nje ya mlango wa kanisa, kana kwamba Mungu alikuwa hajawahi kuisikia.

Mabadiliko yalikuja miaka ya 1960, katika Chuo cha Theolojia Makumira, karibu na Arusha. Mwalimu mmoja Mmarekani, Howard Olson, aliwahimiza wanafunzi wakusanye tuni za makabila yao na kuzitungia maneno ya Injili. Mmoja wa wanafunzi wa wakati huo, Bernard Kyamanywa kutoka Uhayani, mwaka 1966 alitunga "Mfurahini, Haleluya". Leo wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ulaya na Marekani. Na yule mzee wetu, kila Pasaka, huuimba kwa makofi, uso umejaa furaha. Hajawahi kuuita ngoma ya baa.

Wakati huohuo Injili ilikuwa inaingia hewani. Mwaka 1963, mwaka ambao Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa, Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifungua kituo cha redio mjini Addis Ababa. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Sauti ya Injili, Moshi. Sehemu kubwa ya matangazo ya kituo hicho haikuwa mahubiri. Palikuwa na habari, elimu na muziki, kwa sababu waanzilishi waliamini kwamba anayempenda jirani humjali hata shambani na jikoni kwake. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo. Mitambo ilichukuliwa, lakini kazi ya Moshi haikufa.

Mpanda yetu imezoea kupokea vitu kutoka mbali. Reli ilifika hapa kwa ajili ya mgodi wa risasi, na kwa reli hiyo zikaja pia redio za betri, kisha kanda za kwaya. Leo hahitajiki kungoja treni. Kijana wa Katumba au Mishamo anafungua simu yake na kusikia kwaya ya Dar es Salaam, Rose Muhando na bongo fleva, vyote katika saa moja, vyote vikilitaja jina la Mungu.

Je, kila anayelitaja jina hilo anatangaza Injili? Hapa mzee wetu hakukosea kabisa: kuna haja ya kupima. Tulikosea kipimo. Tulipima mapigo, tukaacha kupima neno. Mwaka 1518, kule Heidelberg, Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Wa kwanza humtafuta Mungu penye ukuu na ushindi tu. Wa pili humkuta katika Kristo aliyesulubiwa. Tukisikiliza kwa kipimo hicho tutashtuka. Zipo nyimbo za kwaya, zenye majoho na kinanda, ambazo Mungu wake kazi yake ni kuwaaibisha majirani zetu na kutupatia gari. Na upo wimbo wa redioni wa kijana asiyejulikana kanisani, anayemlilia mama yake aliyeuza maandazi ili yeye asome, akamwomba Mungu amkumbuke. Wimbo huo uko karibu zaidi na msalaba.

Mtume Paulo alipofika Athene alizunguka kwanza mjini, akaangalia madhabahu zao, na aliposimama kuhubiri aliwatajia maneno ya washairi wao wenyewe (Matendo 17). Alijua wanaimba nini. Sisi wachungaji mara nyingi tunahukumu wimbo kabla ya ubeti wa pili.

Basi tulifunga safari hadi kwenye karakana ya pikipiki anakofanya kazi yule kijana.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Tulikukosea. Hatukukusikiliza. Tumekuja kuuomba ule wimbo."

Alifuta mikono kwa kitambaa, akakaa kimya muda mrefu kuliko tulivyopenda. Kisha akasema maneno bado anayo kwenye simu, ila ubeti wa tatu angependa kuubadilisha kwanza.