Uamilishaji wa Kilele

Miongoni mwa shughuli za watu wa redio ya ridhaa, yaani wale walioruhusiwa na serikali zao kurusha mawimbi kwa ajili ya kujielimisha, kuzungumza wao kwa wao na kuichunguza fani yenyewe pasipo kutaka faida ya fedha, iko moja ambayo bado haijapata jina lake katika kamusi zetu: mtu hupanda mlima akiwa amebeba mgongoni redio yake, betri yake na waya wake, akafika kileleni, akasimamisha mlingoti, akaita, akajibiwa. Waingereza hukiita kitendo hicho activation. Nami naona neno lililo sahihi kwetu ni uamilishaji, na mwenye kukitenda ni mwamilishaji.

Neno hili limezaliwa na amali, nayo maana yake ni kazi au tendo, na mafundi wa kompyuta wamekwisha kulizoea wasemapo kwamba wameamilisha programu iliyokuwa imelala. Kuwasha hakufai, kwa kuwa kinachowashwa ni chombo wala si mlima. Na kuhuisha hakufai vilevile, kwani ni kukirudishia uhai kilichokufa, ilhali kilele hakikufa, bali kilikuwa kimekaa bila ya kazi katika daftari la mawasiliano.

Sharti za uamilishaji ziko bayana katika mpango uitwao Summits on the Air, ulioanza England na Wales tarehe 2 Machi, 2002, na baadaye ukaenea nchi nyingi za dunia. Mwamilishaji hana budi kuwa katika eneo lisiloshuka chini ya kilele kwa zaidi ya mita 25 za wima. Haruhusiwi kurusha mawimbi akiwa ndani ya gari, wala kutumia umeme wa gari au wa mashine inayokula mafuta. Na mazungumzo yaliyopitia vituo vya nchi kavu vya kurudishia mawimbi hayahesabiwi. Akipata mtu mmoja wa kubadilishana naye ishara za vituo na habari ya nguvu ya sauti, kilele kimekwisha kuamilishwa. Walakini ili apate alama, ambazo ni kuanzia 1 hadi 10 kwa kadiri ya kimo cha mlima, lazima awapate watu 4 wa vituo mbalimbali. Hapa ndipo ulipo uzito wa istilahi yetu, kwa sababu aliyefika juu, akafunga waya, akaita mchana kutwa asiitikiwe, huyo amepanda mlima, na kupanda ni jambo la kusifiwa, lakini hakuamilisha kitu.

Wala si kila mlima mrefu unaokubaliwa. Uingereza hufuata orodha ya milima iitwayo Marilyn, iliyotolewa na Alan Dawson mwaka 1992, ambayo hutaka mlima uwe na uchomozi wa mita 150 angalau, na uchomozi ni kile kimo kinachobaki mtu akipima kutoka kwenye shingo ya chini inayouunganisha mlima huo na jirani yake aliye mrefu zaidi. Scafell Pike, wenye mita 978, umo na una alama 10. Scafell, jirani yake, ambao kwa mita zake 964 ni wa pili kwa kimo katika England yote, haumo, kwa kuwa uchomozi wake haufiki kiasi hicho. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa haki, kwani bila yake kila kichuguu cha mgongo mmoja wa mlima kingedai kuitwa kilele.

Faida ya kimo kwa mawimbi ni dhahiri. Katika masafa ya megahezi 145, ambako wimbi huenda karibu sawasawa na mstari wa macho, antena iliyo mita 2 juu ya uwanda hupata upeo wa kilomita kama 6, na ile iliyo kwenye kimo cha Scafell Pike hupata upeo wa kilomita kama 130. Katika megahezi 7 na 14 mawimbi hupaa hadi tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, yakarudishwa ardhini mbali sana, hata wati 5, ambazo hazizidi za taa ndogo ya chumbani, zikavuka mipaka ya nchi kadhaa kwa msimbo wa Morse, na antena yenyewe ni waya wa nusu wimbi tu, wa mita kama 10 kwa megahezi 14.

Limebaki jina la yule aliyeko bondeni au nyumbani, naye pia hupata alama. Kiingereza humwita chaser, yaani mkimbizaji. Kwetu mkimbizaji humtia mtu hofu, kwa hiyo naona heri aitwe mwitikiaji, kwa maana yeye huitikia wito, na kwa kuitikia kwake ndipo kazi ya juu hutimia. Basi tutaandika: mwamilishaji aliamilisha kilele saa nne asubuhi, na mwitikiaji wa kwanza alikuwa Ufaransa.