Itikadi Tatu, Nchi Moja: Ethiopia na Ugumu wa Kulinganisha Ufashisti na Ukomunisti

Wanaolinganisha ufashisti na ukomunisti huanzia Berlin na kuishia Moscow. Tangu Hannah Arendt alipotoa kitabu chake kuhusu utawala wa kiimla mwaka 1951, wapo wanaoziona itikadi hizi kuwa ndugu wa tumbo moja, na wapo wanaokasirika zikitajwa pamoja. Pande zote mbili hutafuta ushahidi wao Ulaya. Ethiopia ilipitia ufashisti, ukomunisti, na tangu mwaka 1991 itikadi ambayo wasomi wa siasa bado hawajakubaliana waipe jina gani. Nikiitazama historia hiyo, naona kwamba itikadi hutofautiana kweli kwa shabaha zake, na tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Lakini vyombo vya kutawalia hurithiwa, na mrithi huwa hana haraka ya kuvibomoa.

Majeshi ya Mussolini yalivuka mpaka Oktoba 1935, yakatumia gesi ya sumu, na Mei 1936 yakaingia Addis Ababa. Tarehe 19 Februari 1937 vijana wawili walimrushia mabomu ya mkono Rodolfo Graziani, mtawala wa Kiitalia, naye akanusurika. Kwa siku tatu askari na raia wa Kiitalia waliwaua wakazi wa mji kwa maelfu na kuchoma nyumba zao. Mei ikafuata monasteri ya Debre Libanos: telegramu ya Graziani mwenyewe kwenda Roma ilitaja watawa 297 waliopigwa risasi. Aprili mwaka huohuo Roma ilikuwa imetunga sheria ya kumfunga hadi miaka mitano Mwitalia atakayeishi kinyumba na mwanamke wa koloni.

Sheria hiyo inaeleza mengi. Huko Italia ufashisti ulidai moyo wa raia: gwaride, sare, kiapo. Nchini Ethiopia haukumwomba Mhabeshi aamini chochote. Ulimtaka ajue ngazi yake na abaki hapo. Msomaji atasema huo ni ukoloni wa kawaida tu, na hatakuwa mbali na mshairi wa Martinique Aimé Césaire, aliyeandika mwaka 1950 kwamba Ulaya iliushtukia unazi pale tu ulipoigeukia yenyewe. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walipigana mwaka 1941 kuwang'oa Waitalia, na wale wa Kenya wakarudi katika koloni ambalo ardhi nono ya nyanda za juu ilikuwa imetengewa walowezi. Hoja ya Césaire ina uzito. Hata hivyo haitoshi kuufanya ufashisti na ukoloni kuwa kitu kimoja, maana Graziani aliripoti mauaji ya watawa kama kazi iliyokamilika, si kama aibu ya kufichwa.

Utawala wa kijeshi wa Derg ulikuja kwa mlango mwingine kabisa. Machi 1975, miezi michache baada ya Haile Selassie kupinduliwa, ulitaifisha ardhi yote ya vijijini. Wanafunzi walikuwa wakiandamana tangu 1965 wakidai ardhi apewe mlimaji, na mpangaji wa kusini aliyekuwa akimpa bwana shamba sehemu kubwa ya mavuno yake aliacha kumpa. Anayelinganisha itikadi hizi bila kulitaja jambo hili anadanganya. Ufashisti haukumpa mlimaji yule chochote.

Julai ikafuata ardhi ya mijini na nyumba za kupangisha, na pamoja nayo kebele, yaani chama cha wakazi wa mtaa. Msomaji wa Tanzania atamkumbuka balozi wa nyumba kumi, ila kebele ilikuwa nzito zaidi. Ilikusanya kodi ya nyumba, iligawa bidhaa za mgawo, na baadaye ikapewa bunduki na mahabusu. Aprili 1977 kiongozi wa Derg, Mengistu Haile Mariam, alisimama uwanjani Addis Ababa, akavunja hadharani chupa zenye kimiminika chekundu, na Ugaidi Mwekundu, yaani msako wa kuwaua wapinzani, ukashika kasi. Aliyejua nani analala nyumba gani ndiye aliyejua kijana yupi halali kwao. Wengi wa waliowindwa walikuwa wafuasi wa EPRP, chama cha Kimaksi. Wamaksi waliuana na Wamaksi.

Hapa kipimo tulichozoea, kwamba ufashisti huua mtu kwa asili yake na ukomunisti kwa fikra zake, kinapata mtihani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 kuhusu mauaji ya kimbari hauyataji makundi ya kisiasa. Muungano wa Kisovieti ulikuwa miongoni mwa waliopinga yaingizwe. Kanuni ya adhabu ya Ethiopia ya 1957 iliyataja. Kwa hiyo Desemba 2006 mahakama ya Addis Ababa ilimtia Mengistu hatiani kwa mauaji ya kimbari, naye akiwa Zimbabwe. Kwa sheria ya Ethiopia, mpaka kati ya asili na fikra haukuwepo.

Waliomwondoa Mengistu mwaka 1991, muungano wa EPRDF, walipokewa nje kama wanademokrasia. Soma ibara ya 39 ya katiba yao ya 1995. Taifa linaelezwa kwa lugha, eneo, utamaduni na hulka ya kisaikolojia: ni fasili ya Stalin ya 1913, iliyopita mikononi mwa wanafunzi wa miaka ya 1960. Kilichoachwa ni maisha ya pamoja ya kiuchumi, na mahali pake pamewekwa imani ya kuwa na utambulisho mmoja. Ukimwondolea Stalin uchumi, unabaki na ukabila uliopangwa kisheria. Wapinzani husema ramani ya majimbo inafanana na ile ya Waitalia ya 1936, nayo iliyochorwa kwa kufuata makabila. Inafanana, ila Waitalia waligawa ili watawale, na katiba hii inayapa mataifa haki ya kujitenga, angalau kwenye karatasi.

Kebele zilibaki. Baada ya uchaguzi wa 2005 kuutikisa, muungano uliandikisha wanachama kwa mamilioni, na mwaka 2010 wenyewe na washirika wao walitwaa viti 545 kati ya 547. Hapakuwa na gwaride wala chupa nyekundu. Palikuwa na mbolea na mikopo, na orodha ya wanaostahili kuvipata iliyopita mikononi mwa watu wa chama. Kama itikadi za leo zina sifa moja ya kwao wenyewe, naiona hapa: hazijali sana raia anaamini nini, mradi ahudhurie.

Desemba 2019 waziri mkuu Abiy Ahmed aliunda Chama cha Ustawi na kuiweka kando "demokrasia ya kimapinduzi" ya watangulizi wake. Hakuigusa ibara ya 40, ambayo imeiweka ardhi mikononi mwa dola na mataifa ya Ethiopia na kukataza isiuzwe, kama Derg ilivyokataza mwaka 1975.