Neno moja lililozaa Git

Wasomaji wangu mnaotengeneza tovuti na programu za simu mnaijua GitHub, lile ghala kubwa ambako watu huhifadhi misimbo ya programu zao. Mnajua pia kwamba si lazima ufungue kurasa zake ili uchukue kitu. Kuna API, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuzungumza na nyingine bila mtu kukaa katikati akibofyabofya. Kwa ajili ya mlango huo watu wameandika vijimaktaba vingi: Octokit kwa Ruby, PyGithub kwa Python, go-github kwa Go. Kazi yake ni ya tarishi tu. Anabeba swali lako hadi kwenye seva, anarudi na jibu.

Sasa nani atagombana kwa sababu ya tarishi? Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi wa kompyuta, lakini nimesoma historia ya jambo hili na nawaambia watu waligombana kweli. Tena ugomvi huo ndio uliozaa Git yenyewe.

Turudi mwaka 2002. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliamua kutunza msimbo wa kiini cha Linux kwa programu iitwayo BitKeeper. Ilikuwa mali ya BitMover, kampuni ya Marekani iliyoongozwa na Larry McVoy. Watengenezaji wa Linux walipewa bure, lakini bure yenye masharti. Sharti moja lilikuwa kwamba ukiitumia, usishiriki kutengeneza programu ya kushindana nayo. Wapo waliopiga kelele mapema: iweje programu huria maarufu kama hii itunzwe kwenye sanduku ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine? Torvalds hakujali. Alitaka chombo kinachofanya kazi.

Na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. BitKeeper ilifanya kazi. Kila fundi alikaa na nakala yake yenye historia nzima ya mabadiliko, akafanya kazi kwake, kisha wakaunganisha. Ilimpunguzia Torvalds mzigo mkubwa.

Hapo ndipo anapoingia Andrew Tridgell wa Australia. Huyu ndiye aliyeanzisha Samba, programu inayowezesha kompyuta za Linux na za Windows kupeana mafaili. Aliifikia kwa kuchunguza jinsi mashine zinavyozungumza kwenye waya. Tridgell hakuwahi kukubali leseni ya BitKeeper. Alichotaka ni kiprogramu kidogo cha kuongea na seva za BitKeeper na kuchukua historia ya msimbo, ili hata asiyekubali yale masharti aipate. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa anaandika kijimaktaba chepesi cha API, ila mwenye nyumba hakuwa amempa API.

McVoy alikasirika. Kwake yeye huko kulikuwa kuchokonoa bidhaa yake ili inakiliwe. Usuluhishi ukashindikana, na Aprili 2005 BitMover ikatangaza kuiondoa BitKeeper ya bure. Torvalds naye akamlaumu Tridgell hadharani, si McVoy!

Mwezi huohuo, kwenye mkutano wa Linux mjini Canberra, Tridgell akaonyesha uchawi wake ulikuwa nini. Alijiunga na seva kwa telnet, programu ya zamani ya kuongea na mashine kwa maandishi, akaandika neno moja: help. Seva ikamjibu kwa kumpa orodha ya amri zake. Ndiyo hivyo tu jamani. Kazi ya kuelewa data yenyewe ilibaki, lakini mlango ulijieleza wenyewe kwa aliyeuliza.

Torvalds, akiwa hana chombo, alianza kuandika Git tarehe 3 Aprili 2005. Tarehe 7 Git ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe. Juni ikatoka Linux 2.6.12 ikitunzwa kwa Git. Mwaka 2008 ikafunguliwa GitHub juu ya Git hiyo, na API yake ikageuza lililokuwa kosa la Tridgell kuwa jambo la kila siku. BitKeeper nayo ilikuja kutolewa kwa leseni huria mwaka 2016, wakati dunia imeshahama.

Je, yamekwisha? Mimi nasema bado. Git inakupa nakala kamili ya msimbo na historia yake. Lakini mijadala, taarifa za hitilafu na mapitio ya michango havimo ndani ya Git. Vimo kwenye ghala la GitHub, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Kuvichota kwa wingi unapitia API, na API ni ruhusa ya mwenye nyumba. Kiwango cha kawaida kwa asiyejitambulisha ni maombi 60 kwa saa, aliyejitambulisha 5,000. Mwaka 2012 matoleo ya kwanza mawili ya API yalizimwa, na vijimaktaba visivyofanyiwa marekebisho vikafa. Mwaka 2019, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, watengenezaji waliokuwa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamefungiwa sehemu ya huduma. Wairani walifunguliwa tena Januari 2021, baada ya kampuni kupata leseni ya serikali.

Sisemi mhame. Nasema swali la 2005 lilikuwa nani ana haki ya kumtuma tarishi akachukue historia ya kazi yake mwenyewe, na halijajibiwa, limepewa ruhusa tu. Kwa hiyo wewe mwenye mradi huko, mtume tarishi wako sasa hivi, wakati mlango uko wazi. Akuletee na ile mijadala, uihifadhi kwako. Au nyie mnaonaje?