Amana ya Mwili

Mwili ni amana, na mwenye kuwekewa amana huikagua kabla haijaharibika. George Papanicolaou, tabibu wa Kiyunani aliyezaliwa mwaka 1883, alihamia New York. Huko kwa miaka mingi alikuwa akichukua ute wa kizazi wa mkewe, Andromache, na kuutazama kwa hadubini, hata akazijua chembe za mwanamke mzima. Alipotazama za wagonjwa, akaiona saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 1928 aliwaeleza matabibu wenzake, wasimjali. Mwaka 1943 yeye na Herbert Traut wakatoa kitabu, na kipimo hicho kikaenea.

Maradhi haya huchukua miaka mingi kukomaa, na mwanzoni hayaumi. Mwenye kungoja maumivu amechelewa.

Mwaka 1983 Harald zur Hausen wa Ujerumani alitambua kirusi kinachoyaleta, na baadaye chanjo ikapatikana. Leo Shirika la Afya Duniani linahimiza binti achanjwe kabla ya kutimiza miaka 15, na mwanamke apimwe afikapo miaka 35, na tena 45.

Wako mama zetu wasemao, “Nitajifunuaje mbele ya mtu?” Haya ni katika imani, lakini stara haikuwekwa imwue mtu. Mama, omba upimwe na tabibu mwanamke. Nanyi akina baba, msiwazuie wake zenu, wapelekeni. Andromache hakuwa mgonjwa, wala hakungoja augue.