Uchovu wa sklerosisi ya sehemu nyingi

Uchovu wa sklerosisi ya sehemu nyingi ni hali ya kuishiwa nguvu za mwili au za akili inayowapata watu wenye ugonjwa wa sklerosisi ya sehemu nyingi (kifupi: MS). Ni kati ya dalili za kawaida zaidi za ugonjwa huo: huwapata wagonjwa wapatao watatu kati ya wanne, au zaidi. Pia ni kati ya sababu kuu za wagonjwa kuacha kazi mapema, hata wale ambao bado wanatembea bila msaada.

Kwa kuwa uchovu huu hauonekani kwa macho, mara nyingi ndugu, walimu au waajiri huudhania kuwa uvivu. Hakuna dawa inayouondoa kabisa, lakini unaweza kupunguzwa.

Tofauti na uchovu wa kawaida

Uchovu wa kawaida hufuata kazi na huisha baada ya mapumziko. Uchovu wa MS unaweza kuanza asubuhi hata kama mtu amelala vizuri, kuja ghafla, na kuongezeka kadiri siku inavyosonga. Mgonjwa anaweza kuhitaji kulala baada ya kuoga tu, kushindwa kufuata mazungumzo, au kusahau neno alilotaka kusema.

Sababu

Katika MS mfumo wa kinga hushambulia mielini, yaani utando unaozunguka nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Ujumbe wa neva hupita polepole au hukwama, na ubongo hulazimika kutumia nguvu zaidi kwa kazi ileile. Uvimbe unaotokana na shambulio la kinga hufikiriwa kuchangia pia.

Kuna pia sababu zisizo za moja kwa moja: usingizi unaokatizwa na maumivu, misuli kukaza au haja ya kukojoa usiku, sonona, madhara ya dawa, na mwili kudhoofika kwa kukaa bila mazoezi. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya thairoidi na maambukizi kama malaria huweza kumpata mtu mwenye MS kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo daktari hutafuta kwanza sababu hizo, kwa kuwa nyingi zinatibika.

Upimaji

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha uchovu wa MS. Hutumika dodoso, kama lile lililotolewa mwaka 1989 na Lauren Krupp na wenzake nchini Marekani. Lina sentensi 9, na mgonjwa huipa kila moja alama kuanzia 1 hadi 7. Wastani wa 4 au zaidi kwa kawaida huhesabiwa kuwa uchovu mkubwa.

Kupanga matumizi ya nguvu

Kosa la kawaida ni kufanya kila kitu siku mwili unapokuwa na nafuu, kisha kulala siku mbili zinazofuata. Mwaka 1995 Tanya Packer na wenzake walichapisha kozi ya wiki sita inayofundisha kugawa nguvu. Misingi yake ni:

- kupumzika kabla ya kuchoka kabisa, si baada yake;
- kuweka kazi ngumu kwenye saa ambazo mtu ana nguvu zaidi;
- kugawa kazi kubwa, kwa mfano kufua nguo kidogokidogo kwa siku kadhaa;
- kukaa wakati wa kupiga pasi au kumenya viazi;
- kuwaachia wengine kazi zisizo za lazima.

Joto

Mwaka 1890 daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alieleza wagonjwa ambao uwezo wao wa kuona ulipungua baada ya mazoezi. Baadaye ilieleweka kwamba joto la mwili likipanda hata nusu ya digrii ya selsiasi, neva zilizopoteza mielini hufanya kazi vibaya zaidi. Hali hiyo hupita mwili ukipoa, wala haiharibu neva. Katika miji yenye joto kama Mombasa, Dar es Salaam na Muscat, inafaa kufanya shughuli alfajiri au jioni, kunywa maji baridi na kuvaa kitambaa chenye maji shingoni.

Mazoezi

Zamani wagonjwa walishauriwa waepuke mazoezi. Utafiti wa Jack Petajan na wenzake katika jimbo la Utah, Marekani, uliotolewa mwaka 1996, ulionyesha kwamba wiki 15 za mazoezi ziliboresha afya yao. Leo wenye ulemavu mdogo au wa wastani hushauriwa kufanya mazoezi ya kiasi dakika 30 mara mbili kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli, wakianza taratibu.

Dawa na tiba ya mazungumzo

Amantadini, modafinili na methilifenidati zimetumika kwa miaka mingi. Jaribio lililotangazwa mwaka 2021, lenye wagonjwa 141, halikuona kwamba yoyote kati yake inashinda kidonge kisicho na dawa. Jaribio lingine la mwaka 2024 lililinganisha modafinili, tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea iliyotolewa kwa simu, na zote mbili pamoja. Nafuu ilikaribiana katika makundi yote matatu.

Dalili mpya zinazodumu zaidi ya siku moja, kama udhaifu wa mkono au mguu au jicho kupoteza uwezo wa kuona, hazipaswi kuchukuliwa kuwa uchovu tu, bali zinahitaji kuonwa na daktari haraka.